Vikapu vya Shangazi Havina Mishikio

Watu wa nyumbani kwetu hawaibi. Nalisema hilo mapema, asije mtu akasema nimewachafulia jina. Hawaibi, wanachukua. Mwizi hupita dirishani na roho mkononi, lakini ndugu yako hupitia mlango wa mbele mchana kweupe, anakunywa chai yako, anakusifia, na akitoka ana kikapu chako begani nawe unamsindikiza mpaka njiani. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nadhani wahenga hao hawakuwa na jamaa kama wangu.

Ninayemsimulia ni shangazi yangu, mdogo wake baba. Sisi wote nyumbani ni warefu. Baba huinama akipita mlangoni, kaka yangu naye vivyo hivyo, na wifi yangu, mke wa kaka, ukisimama naye unaongea na kidevu chake. Mama ndiyo usiseme. Shangazi peke yake alitoka mfupi, na mikono mifupi ya kumwita mtu amteremshie sufuria juu ya kabati. Labda ndiyo maana walizoea kumtazama kwa kuinamisha macho.

Alitolewa shule amuuguze bibi. Alipata mchumba, mchumba akaambiwa asubiri mama mkwe apone, naye kwa akili zake timamu hakusubiri. Bibi alipofariki, mama yangu alikuwa amejifungua kaka, Shangazi akaitwa aje "kwa muda tu". Muda huo mpaka leo haujaisha. Alimlea kaka, akanilea mimi, kisha akapelekwa kwa kaka kulea mtoto wake wa kwanza, na mtoto alipoanza shule Shangazi akarudishwa nyumbani kama sufuria la kuazima. Hata kuoshwa halikuoshwa.

Katika maisha hayo yote kitu kimoja tu kilikuwa chake: pembe ya baraza, kati ya tangi la maji na ukuta wa jikoni. Hapo palikuwa na ndoo ya kulowekea ukindu, kigoda, sindano kubwa ya kushonea magunia, na kucha ya dole gumba aliyoifuga ndefu kwa ajili ya kuchana majani. Alichana, akaloweka, akasuka ukanda mrefu, kisha akaushona ukanda huo mzunguko juu ya mzunguko mpaka kikapu kikasimama chenyewe. Kikapu kimoja kilimchukua muda mrefu, si kwa sababu alikuwa mzito wa mkono, ila kila alipokaa kuna mtu alimwita.

Vikapu vyake havikuwa kama vya dukani. Kikapu cha Shangazi hakimaliziki mpaka mwenyewe ajulikane. Unakwenda, anakwambia, "Nyoosha mkono," anakupima kwa uzi wa katani kuanzia begani, halafu ndipo anakata kamba na kushona mshikio. Ukikitundika begani, mdomo wa kikapu lazima uje pale kiwiko kinapokunjika, ili mkono uingie na kutoka bila taabu. Kikishuka sana kinakugonga nyonga. Kikipanda sana kinakubana kwapa, unatembea kama kuku aliyevunjika bawa. Nyuzi zetu wote zilitundikwa kwenye msumari mmoja barazani, na sisi watoto kila tulipokua alitupima upya.

Tulipogombana, hiki changu, hapana hiki changu, Shangazi hakuuliza nani mkweli. Alisema tu, "Kivaeni." Kiliyemkaa kwenye kiwiko ndiye mwenyewe, kesi imekwisha. Hata wakubwa waliifuata sheria hiyo. Mama na jirani yetu waliwahi kununiana kwa ajili ya kikapu, mwishowe wakakivaa kwa zamu, kikamkaa jirani, na Mama, ambaye hajawahi kushindwa ubishi na mtu yeyote aliye hai, alikirudisha bila neno.

Vyote hivyo vilitolewa bure. Cha sokoni, cha shule, cha nguo za mtoto mchanga, cha kumpelekea mkwe. Siku moja nilikwenda ofisini kwa wifi yangu nikakuta wenzake wamebeba vikapu vya Shangazi. Nikaambiwa wifi aliviagiza kutoka duka moja la maana sana, na kwamba ana macho ya kujua vitu vizuri. Nilirudi nikamweleza Shangazi. Yeye alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi sikucheka.

Sasa njoo Jumapili ile. Kaka na wifi walikuja wakakaa sebuleni na Baba na Mama. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha pembeni, maana mtu ambaye hajaolewa nyumbani kwetu kiti chake ni cha pembeni hata akiwa na mvi. Habari ilikuwa njema: wifi alikuwa mjamzito tena.

"Kwa hiyo tumefikiria," kaka akasema, "Shangazi aje kwetu. Chumba cha nyuma kipo."

"Atakuja tu," Mama akasema. "Si hana kazi?"

"Lakini yale majani yake asije nayo, jamani," wifi akaongeza, akicheka. "Yanaleta wadudu."

Walikuwa wakimjadili kama meza: itaingia mlangoni au haiingii. Na mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni hapo hapo na sinia la chai. Aliliweka chini polepole. Akasema, "Nina kazi."

Wakacheka. Si kicheko cha ubaya, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Kicheko cha mapenzi kabisa, kama mtoto mdogo akisema yeye ni daktari.

Baba ndiye aliyenyamaza wa kwanza. Baba ni fundi wa mashine za maji aliyestaafu, mtu wa haki kwa namna yake, haki ya kupima kwa rula. "Dada, usichukie," akasema. "Kazi ni ile ambayo mtu asiye ndugu yako anakulipa. Wewe nani amekulipa?"

Jibu nilikuwa nalo mimi, na mdomo wangu hauna breki.

"Jumamosi kuna maonyesho ya kazi za mikono, pale uwanja wa ukumbi," nikasema. "Nimeshamlipia meza."

Nilikuwa sijalipia chochote. Nililipia kesho yake asubuhi kabla ya kufungua duka la dawa ninakofanya kazi, nikihema.

Baba alitutazama wote wawili. "Sawa," akasema. "Tutaona Jumamosi. Ikionekana ni kazi, abaki nayo. Isipoonekana, Jumatatu kaka yako anakuja na gari kumchukua."

Wiki nzima Shangazi alisuka. Niliporudi toka kazini nilimkuta na vidole vimevimba, na mara mbili nilimkemea Mama aliyekuwa anamwita aje amtafutie miwani iliyokuwa kichwani mwake. Jumamosi tulipakia magunia kwenye gari la kukodi, tukafika uwanjani watu wakiwa bado wanafunga mahema. Jirani yetu wa meza alikuwa mama mmoja muuza sabuni za kutengeneza mwenyewe, mwanamke mnene, mcheshi, ambaye alikuwa ameshauza tangu sisi hatujatandika kitambaa.

Nilifungua gunia la kwanza. Nikafungua la pili.

"Shangazi, mishikio iko wapi?"

"Ya nani?"

"Ya vikapu!"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Mwanangu, nimshonee nani nami simjui?"

Alikuwa amekuja na vikapu vyote vikiwa havina mishikio hata mmoja, vimejipanga mezani kama mabakuli, na pembeni bonge la kamba iliyosukwa tayari, sindano na uzi wake wa katani. Nilitamani kulia. Nilitamani kumpiga mtu, ila aliyekuwa karibu alikuwa yeye. Nikamwambia maneno ambayo mtu hamwambii shangazi yake, kwamba hapa sokoni hakuna anayejuana, kwamba watu wananunua wanaondoka, kwamba Jumatatu gari linakuja na amejichimbia kaburi mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akakaa kwenye kigoda chake na kuanza kulowesha kamba.

Asubuhi ile ilikuwa mateso. Watu walishika, wakageuza, wakauliza kama ni vya kuwekea vitunguu. Mmoja akasema, "Vikimalizwa nitarudi." Mwingine akavipiga picha akaondoka, kana kwamba tumevileta vipumzike juani. Na walipouliza bei, Shangazi alijibu akiangalia chini: "Samahani, ni..." kisha akaitaja kwa sauti ya mtu anayekiri kosa.

"Shangazi, usiombe msamaha!" nikamnong'oneza. "Mimi dukani nikitaja bei ya dawa simwombi mgonjwa radhi!"

"Nyingi lakini."

"Si nyingi!"

"Naona haya, mwanangu. Sijazoea."

Hapo ndipo hasira yangu ilipogeuka ikawaacha wanunuzi ikaenda nyumbani. Nani alimfundisha mtu mzima kuona haya kwa kazi ya mikono yake? Hakuzaliwa nayo haya hiyo. Ilisukwa, ukanda juu ya ukanda, na mafundi wake nawajua kwa sura.

Kuelekea mchana alipita mama mmoja ambaye bega lake moja lilikuwa limeshuka kuliko lingine. Mkoba wake aliubeba mkononi. Shangazi alimfuata kwa macho, halafu, jambo ambalo sikulitarajia, akamwita. "Mama, njoo nikupime."

Yule mama alidhani anataniwa. Lakini alikuja, akanyoosha mkono, akapimwa. Shangazi akakata kamba, akaishona pande mbili, akaingiza sindano ndani nje, ndani nje, akakaza fundo kwa meno. Yule mama akakitundika kwenye bega lile lile lililoshuka. Akatembea mpaka mwisho wa mahema akarudi.

"Hakitelezi," akasema. Akarudia, "Hakitelezi kabisa." Akalipa bila kuuliza mara mbili. Shangazi alizipokea pesa kwa mikono miwili, akabaki amezishika, mpaka nikamkumbusha aziweke.

Basi tukapata mwingine, kijana wa kike aliyetaka cha mazoezi, tena mwingine. Muuza sabuni akaanza kutuletea wateja wake. "Nendeni mkapimwe hapo," akawa anasema, "huyo mama anashona kama daktari." Nikaanza kupumua. Nikaanza hata kutabasamu, na mimi si mtu wa kutabasamu ovyo.

Ndipo jamaa zangu wakafika.

Walikuja wamependeza, Baba na fimbo yake, Mama na miwani ya jua, kaka anazungusha funguo za gari kidoleni, wifi mbele na mikono imefunguliwa kama anakuja kupokea mgeni uwanja wa ndege.

"Shangazi wetu! Mfanyabiashara wetu!" wifi akapaza sauti, watu wakageuka. Akamkumbatia. Na mkono wake mmoja ukiwa bado mgongoni mwa Shangazi, ule mwingine ulikuwa mezani, unachagua. Haki ya Mungu nimeona kwa macho yangu.

"Mmeuza?" Baba akauliza.

"Tumeuza," nikasema.

"Vingapi?"

"Vichache. Ndiyo kwanza vinaanza kutoka."

"Vichache ni bahati," Baba akasema, akikuna kidevu. "Bahati si kazi." Kisha, wala hakusita, akanyanyua kikapu kikubwa cha mistari myeusi, kilicho bora kuliko vyote. "Hiki kitanifaa. Kile cha zamani kimechakaa."

Mama akachukua cha kwake, na cha rafiki yake wa mtaa wa pili. Wifi akachukua cha kwake, cha mama yake, na cha bosi wake. "Mama yangu mpime kama mimi tu, tunalingana. Bosi pia. Mimi kipimo changu si unacho?" Kaka akasema yeye havai vikapu, ila akachukua cha kuweka kwenye gari. Meza ikabaki na mabaki, vile vidogo vya pembeni. Nyuma yao wanunuzi wawili walichungulia, wakaona vizuri vimeshapata wenyewe, wakaenda zao.

"Hongereni!" muuza sabuni akatupigia makofi. "Jamaa zenu wamemaliza meza!"

"Hawajanunua," nikasema. Kwa sauti.

Mama akavua miwani. "Wewe una nini?"

"Nauliza tu, Mama. Mmechukua. Hajalipa mtu. Halafu jioni mtasema hakuuza."

"Sasa shangazi yako anilipishe mimi?" wifi akauliza, na nakuapia alikuwa ameumia kweli, machozi yalimlengalenga. "Mimi ambaye atanilelea mtoto?"

"Sisi tumekuja kumuunga mkono," kaka akasema.

"Mkono mtupu haulambwi, kaka!"

Baba akagonga fimbo chini. "Basi! Mbele za watu!"

Nilimgeukia Shangazi. Nilitaka aseme neno, neno moja tu. Yeye alikuwa ameshaanza kukata kamba. Kichwa chini, sindano mkononi. "Nendeni mkatembee," akawaambia kwa upole ule ule wa siku zote. "Kunyweni soda kule. Mkirudi mtakuta nimeshona mishikio."

Wakaenda. Nilimtazama akishona, nikasikia uchungu ambao sijui niuiteje. Mtu unampigania mpaka unakosana na mama yako mzazi, naye anawashonea. Sikumsemesha. Nilipanga vile vikapu vidogo, nikavipangua, nikavipanga tena. Sikumtazama hata anavyopima. Laiti ningetazama, ningeona mapema.

Walirudi wameshiba soda na maneno. Vikapu vilikuwa vimejipanga mezani, kila kimoja na mshikio wake, vimependeza kuliko chochote uwanjani pale. Wifi akawa wa kwanza. Akatundika chake begani.

Kikamkwama kwapani.

Akakivuta, akajitikisa, akajaribu bega la pili. Mkono ukasimama upande kama ametiwa gongo la kutembelea. "Shangazi, umekosea. Hiki si changu." Akajaribu cha mama yake. Kwapani. Akajaribu cha bosi. Kwapani. Mama akavaa chake, kikambana. Akabadilishana na wifi, kikambana. Baba akanyanyua kile cha mistari myeusi, akakipitisha begani kwa heshima zake zote, na kikakaa chini ya kwapa lake kama kitoto cha ndege. Muuza sabuni aligeuka akajifanya anapanga sabuni, mabega yake yakitetemeka.

"Umekosea vyote?" Mama akauliza.

"Sijakosea," Shangazi akasema.

Akainuka kwenye kigoda. Akamfikia wifi, akamvua kikapu taratibu, akakitundika begani mwake yeye mwenyewe. Mdomo wa kikapu ukaja pale pale kiwiko chake kinapokunjika. Akakiweka mezani. Akamfuata Mama, akamvua, akakivaa. Pale pale. Akaviendea kimoja kimoja, akivaa na kuweka, akivaa na kuweka, na hakuna aliyemzuia, kwa sababu sote tumeishi na sheria ile na hakuna kati yetu ambaye hakujua alichokuwa anaonyeshwa. Cha mwisho alikuwa nacho Baba. Ilibidi Baba ainame ili avuliwe.

"Vyangu," Shangazi akasema. "Vyote."

"Unatudai sisi?" Baba akauliza, sauti imeshuka.

"Siwadai, kaka. Mtu hudaiwa alichopewa. Mimi sijawapa." Akakaa kwenye kigoda. "Anayekitaka nitafungua mshikio nimpime. Bei imeandikwa hapo."

Kisha kaka akazungusha funguo zake. "Jumatatu nakuja na gari," akasema kwa ukali, "na majani hayo yabaki huko huko." Akamshika wifi mkono. Mama akawafuata akisema maneno mengi, na kati ya hayo nilisikia jina langu na neno laana. Wifi aligeuka akasema, "Sikutegemea, Shangazi. Kwa wema wote tuliokufanyia."

Hapo nilimwambia. Nilimwambia habari ya ofisini kwake na lile duka la maana sana, mbele ya muuza sabuni, mbele ya kila mwenye masikio, mpaka rangi ikamtoka. Nilikuwa bado naendelea Shangazi aliponigusa kiunoni.

"Mwanangu, sogea. Unanizibia wateja."

Kweli, walikuwepo. Ugomvi huvuta watu kuliko tangazo. Walikuwa wamesimama wanacheka, wanaulizana, na mwanamke mmoja akataka avae kile kile kilichomshinda mrefu yule. Shangazi akafumua mshikio, akakata kamba mpya, akapima. Kisha mwingine. Alifumua na kushona, akafumua na kushona, na kila alipoulizwa bei aliitaja. Ile samahani sikuisikia tena. Sijui iliangukia wapi.

Jua lilipopoa mahema yakaanza kufungwa. Muuza sabuni alitupa kipande cha sabuni ya karafuu, akasema mwezi ujao tukae naye tena. Mezani palibaki kikapu kimoja, kile cha mistari myeusi. Wengi walikitaka, nami nilishangaa Shangazi akiwaambia, "Hicho subirini kidogo." Nilipomuuliza anasubiri nini akanipa kamba niikunje.

Kisha nikaona fimbo. Baba alikuwa anakuja peke yake kati ya meza tupu, polepole. Nilisimama. Nilikuwa na maneno tayari, mengi, na mengine hayakufaa kwa mzazi. Baba hakunitazama. Alisimama mbele ya meza kama watu walivyokuwa wamesimama mchana kutwa, akakitazama kikapu, akaitazama ile karatasi ya bei.

"Ndugu hapunguziwi?" akauliza.

"Ndugu bei yake ni hiyo hiyo," Shangazi akasema. "Ila yeye haoni vizuri kuomba apunguziwe."

Baba akaguna. Akatoa pochi, akalipa, pesa akaziweka mezani mbele ya dada yake, si mkononi mwangu. Shangazi akazichukua. Akafumua mshikio, akachukua uzi wa katani.

"Nyoosha mkono."

"Dada, kipimo changu unakijua tangu tukiwa watoto."

"Kaka yangu namjua," Shangazi akasema. "Mnunuzi simjui. Nyoosha mkono."

Baba aligeuka kutazama njia ya kutokea. Nilidhani ataondoka, na Mungu anisamehe, nilitaka aondoke, ili nipate haki ya kukasirika mpaka siku yangu ya mwisho. Aliiegemeza fimbo mezani. Akanyoosha mkono, akainama ili dada yake alifikie bega.

Simu yake ikalia. Akaitoa kwa mkono wa pili. Sauti ya kaka nilikuwa naisikia kutoka niliposimama, sauti ya mtu aliyekosewa: aje na gari saa ngapi Jumatatu, na je, Shangazi ameshafunga mizigo.

"Usije," Baba akasema. "Mtafute yaya."

Kaka akasema maneno mengi.

"Nimesema usije," Baba akasema. "Shangazi yako yuko kazini."

"Acha kutikisika," Shangazi akamwambia, uzi ukiwa begani mwake. "Unaniharibia kipimo."